Pampu ya kisima: mwongozo wa kugharamia programu huria kwa miaka mingi

Andiko la mradi la kwanza nililowahi kuandika kwa ajili ya programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili, lilikubaliwa, na hapo ndipo shida zilipoanza. Nina maktaba ndogo ya msimbo, yaani kipande cha programu ambacho mafundi hukiweka ndani ya mifumo yao, inayosoma meseji za malipo ya simu na kuzigeuza kuwa hesabu za duka: nani kalipa, kiasi gani, saa ngapi, namba ya muamala ipi. Mafundi wa mifumo ya maduka waliipenda. Mfadhili akauliza tunataka kuongeza nini. Nikaorodhesha vipengele vitatu vipya, fedha zikaingia, vipengele vikajengwa, ripoti ikaenda na picha za warsha. Miezi minane baadaye fedha zimekwisha na mzigo umekuwa mara mbili, maana vipengele vipya huharibika kama vya zamani, tena vina watumiaji wake wa kunipigia simu Jumapili.

Mfadhili hakukosea. Aliniuliza ninachotaka kujenga, nikamjibu. Sikumwambia kwamba kujenga kulishakwisha na kilichokosa fedha ni kutunza.

Aliyekulia kijijini analijua jambo hili bila kufundishwa. Kuchimba kisima hulipiwa mara moja, kuna siku ya uzinduzi, utepe na mgeni rasmi. Kisha mpira wa ndani ya pampu unalika, mnyororo unakatika, na kama hakuna kamati inayokusanya shilingi chache kwa kila ndoo, baada ya miaka miwili pampu inabaki nguzo ya kufungia mbuzi. Ile shilingi ya ndoo hainunui maji, inanunua mpira. Msimbo wako ni maji, na ubaki bure. Haya yanayofuata ni ya kamati ya pampu.

Hatua ya 1: Daftari kwanza, bakuli baadaye

Kwa wiki nne, andika kila dakika unayotumia kwenye mradi. Usiandike saa za msimbo peke yake, andika na kujibu barua, kusoma kazi za wengine, kutoa matoleo, kubishana. Wiki moja ya daftari langu ilisomeka hivi:

Jumatatu, dakika 50: kampuni ya simu imebadilisha maneno ya meseji. "Tsh 15,000.00" imekuwa "TSh15,000", na kisomaji kinarudisha sifuri. Jumanne, dakika 120: kuandika majaribio ya muundo mpya, kutoa toleo. Jumatano, dakika 35: kumweleza mtu yule yule kwa mara ya tatu kwamba anatumia toleo la mwaka juzi. Alhamisi, dakika 80: kusoma msimbo aliotuma kijana mmoja wa Mwanza, kazi nzuri ila haina majaribio. Ijumaa: sikugusa. Jumamosi, dakika 180: maktaba tunayoitegemea imetoa toleo lisilopatana na letu. Jumapili, dakika 45: simu.

Jumla ni dakika 510, yaani saa nane na nusu. Dakika za kubuni kitu kipya: sifuri. Usishtuke ukikuta yako iko hivyo, ndivyo programu iliyokomaa inavyoishi.

Sasa piga hesabu. Kwangu wastani ulikuwa saa 9 kwa wiki. Kwa wiki 48 hizo ni saa 432. Nikajiwekea TSh 25,000 kwa saa, ambayo ni chini ya ninacholipwa kwa kazi za nje, ikawa TSh 10,800,000. Seva ya majaribio TSh 60,000 kwa mwezi, jina la tovuti TSh 40,000 kwa mwaka. Jumla TSh 11,560,000. Hiyo ndiyo bei ya pampu yangu kwa mwaka, kabla ya makato ya kupokea fedha na kabla ya kodi.

Namba hii ina nguvu kuliko malalamiko yoyote. Aprili 2014 lilipogunduliwa tundu la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayofumba mawasiliano ya sehemu kubwa ya seva za dunia, watu walipigwa na butwaa kusikia kwamba mradi ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Mabenki na makampuni makubwa yalikuwa yakichota hapo kila sekunde. Mwezi huo huo makampuni kadhaa yaliungana chini ya Linux Foundation, taasisi inayolea programu huria, na kuanzisha mfuko wa Core Infrastructure Initiative. Fedha zilikuwapo siku zote. Bei ya pampu ndiyo haikuwa imebandikwa ukutani hadi pampu ilipovunjika.

Ibandike yako sasa, kwenye ukurasa wa mbele wa mradi, kwa mstari mmoja.

Hatua ya 2: Jua nani anachota

Idadi ya mara ambazo programu imepakuliwa haikwambii chochote. Nyingi ya hizo ni mashine za majaribio zinazopakua kitu kile kile kila msimbo unapoguswa. Nilikuwa na mwezi wa mipakuo elfu kumi na saba, nikajiona mkubwa, kumbe karibu yote ilikuwa seva ya kampuni moja iliyosahaulika ikiwa inajizungusha.

Tafuta watu. Pitia ripoti za hitilafu za mwaka mzima, uangalie anwani za barua pepe zinatoka kampuni gani. Weka kwenye mwongozo wa kusakinisha ombi fupi: "Ukiitumia kazini, tuandikie mstari mmoja utuambie mko wapi." Nilipoliweka, majibu kumi na moja yalikuja ndani ya miezi mitatu, na manne kati yake yalikuwa ya kampuni nisizozijua kabisa.

Kisha jiulize swali moja kwa kila mmoja wao: programu hii ikisimama Ijumaa jioni, nani hatalala? Huyo ndiye mteja wako wa matunzo. Mwanafunzi anayeichezea anakutakia heri, naye umtakie heri.

Hatua ya 3: Funga mlango kabla ya kuweka mali ndani

Fedha zikija zinakuta jina ni la nani, leseni ni ipi na nywila anashika nani. Ugomvi wa mambo haya ni mdogo wakati mfuko ni mtupu, kwa hiyo umalize wakati huo.

Jina. Koha ni programu ya kuendesha maktaba za vitabu, ilizaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na leo utaikuta hata kwenye vyuo vikuu vya kwetu. Mwaka 2011 jumuiya yake iliamka na kukuta kampuni moja ya Marekani iko mbioni kusajili jina "Koha" kama alama yake ya biashara huko huko New Zealand. Maktaba ya mji mdogo iliyouzaa mradi ikabidi ichangishe fedha za mawakili ili kugombania jina la mtoto wake. Walishinda mwishowe, lakini fedha na muda ule vingetosha matoleo mangapi? Andikeni kwenye karatasi jina ni mali ya nani, hata kama ni watu wawili tu.

Leseni. Chagua mapema na ukae nayo. Ipo fikra kwamba makampuni ya wingu, yanayokodisha seva na programu mtandaoni, yakinufaika sana na kazi yako, dawa ni kubadili leseni katikati ya safari. Elastic, wenye programu ya utafutaji, walifanya hivyo mwaka 2021, Amazon wakachukua msimbo wa zamani na kuanzisha OpenSearch. HashiCorp walibadili leseni ya Terraform, programu ya kupangia seva, Agosti 2023, jumuiya ikajitenga na kuunda OpenTofu. Redis, wenye hifadhidata ya kasi, wakafuata Machi 2024, ikazaliwa Valkey. Elastic na Redis baadaye wakarudi na kuongeza AGPL, leseni huria inayomtaka hata anayeibadili programu na kuitoa kama huduma ya mtandaoni aweke msimbo wake wazi, ila nakala zilizojitenga hazikurudi nyumbani. Hao ni wakubwa wenye wanasheria wa mishahara. Mimi na wewe tukijaribu, tutabaki na leseni mpya na watumiaji sifuri. Kama unaogopa kuliwa, anza na AGPL siku ya kwanza. Kama unataka ienee hata ndani ya bidhaa za watu, chukua MIT au Apache, leseni zenye masharti machache, kisha usimnunie anayeitumia kwa namna uliyomruhusu.

Nywila nitazirudia mwishoni.

Hatua ya 4: Mfuko

Usipokee fedha za mradi kwenye akaunti yako ya mshahara. Nilifanya hivyo miezi mitano, na siku mchangiaji mwenzangu alipouliza kwa upole tumebaki na shilingi ngapi, nilitoa taarifa ya benki na kuanza kupigia mistari: hii ni ya mradi, hii ni ada ya mtoto, hii… hii sijui.

Njia rahisi kwa mradi mdogo ni kukaa chini ya mwavuli wa taasisi ambayo tayari imesajiliwa. Inapokea fedha kwa niaba yenu, inalipa ankara mnazoidhinisha, na inakata asilimia yake. Open Source Collective hufanya hivyo kupitia jukwaa la Open Collective, ambako kila senti inayoingia na kutoka huonekana na kila mtu. Software in the Public Interest iliyoanzishwa 1997, Software Freedom Conservancy ya 2006 na NumFOCUS ya 2012, hii ya mwisho kwa programu za sayansi na takwimu, ni milango mingine, kila mmoja na masharti yake. Soma masharti, hasa yanayosema nini kitatokea mwavuli wenyewe ukifungwa. Si jambo la kufikirika tu: Open Collective Foundation, taasisi nyingine yenye jina la kufanana, ilitangaza mapema 2024 kwamba inajifunga mwisho wa mwaka, na mamia ya makundi yaliyokuwa chini yake yakaanza kutafuta pa kuhamia.

Kwa tulio Afrika Mashariki, swali la kwanza la kuuliza ni moja: fedha itanifikiaje? Orodha ya nchi zinazohudumiwa na kila jukwaa hubadilika, na Kenya na Tanzania mara nyingi haziko sawa. Kuna njia inayokuruhusu kutuma lakini si kupokea. Kabla ya kutangaza kitufe cha kuchangia, mwombe rafiki aliye nje akutumie dola tano, uzisubiri hadi zifike benki au kwenye simu, uone zimebaki ngapi. Jaribio hilo la dola tano litakuepusha na aibu nyingi.

Mkikua, sajilini chombo chenu. Wapo wanaochagua kampuni yenye ukomo wa dhamana isiyogawana faida, wapo wanaochagua asasi ya kiraia, na wapo wanaofungua kampuni ya kawaida ya kuuza huduma. Mkiwa na wateja wanaolipa, hiyo ya mwisho ndiyo yenye usumbufu mdogo. Mwone mhasibu kabla ya mwanasheria.

Hatua ya 5: Vyanzo, kimoja kimoja

Kanuni yangu ni kwamba chanzo kimoja kisizidi nusu ya bei ya pampu. Sijaifikia kila mwaka, ila mwaka nilioivunja ndio mwaka niliokosa usingizi.

*Michango midogo.* GitHub Sponsors ilianza 2019, Liberapay ipo tangu 2015. Fungua, haikugharimu kitu, lakini usijenge nyumba juu yake. Wanaoishi kwa michango ya namna hii ni wachache, na wengi wao wana jina kubwa kwanza. Kinachosaidia ni kutaja mchango unafanya nini. "Tuunge mkono" haikuniletea mtu. "Dola 12 zinalipa seva ya majaribio nusu mwezi" ilileta saba.

*Harambee.* Inafaa kwa jambo lenye mwanzo na mwisho. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikimiliki Blender, programu ya kuchora na kuhuisha picha za pande tatu, ilikuwa imefungwa. Ton Roosendaal akakubaliana na wenye hisa kwamba msimbo ungeachiwa huru kwa euro 100,000. Jumuiya ikazichanga kwa wiki saba tu. Kwa kununua uhuru wa kitu, au kulipia ukaguzi wa usalama, harambee ni ya moto. Kwa kulipa mtu kila mwezi, hapana. Watu hawachangii harusi ile ile mara kumi na mbili. Blender wenyewe waliishia kujenga mfuko wa michango ya kila mwezi, ambamo makampuni makubwa nayo ni wanachama.

*Huduma.* Hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu zako, kwa sababu hapa fedha ipo na haimtegemei mtu aliyeamka na moyo mzuri. ODK, ile programu ya kukusanya takwimu kwa simu ambayo wadadisi wengi wa mashinani wameishika mkononi bila kujua jina lake, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Leo watunzaji wake wanauza huduma ya kukuwekea seva na kuiangalia. Msimbo ni bure, atakaye ajisakinishie mwenyewe, na asiyetaka kuamka usiku analipa. Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni, ina washirika wenye kibali wanaouza mafunzo na usakinishaji, na sehemu ya mapato hurudi makao makuu. Daniel Stenberg, aliyeanzisha curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, aliajiriwa na kampuni ya wolfSSL mwaka 2019, na wateja wa kampuni hiyo hulipia msaada wa curl.

Kilichonifumbua macho si hao, ni mhasibu wa kampuni ya jumla pale Kariakoo. Walikuwa wakitumia maktaba yangu kwenye matawi manne. Bosi wake alishakubali kunichangia, wiki tatu zikapita kimya. Nikaenda mwenyewe. Akanitazama juu ya miwani.

"Kaka, mchango nitauandika wapi? Hauna ankara, hauna risiti ya EFD. Mkaguzi akija nimwambie tulitoa sadaka?"

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Niuzie kitu."

Nikarudi nyumbani nikaandika ankara yenye mstari mmoja: "Huduma ya matunzo ya kisomaji cha meseji za malipo, Januari hadi Juni: marekebisho ndani ya siku mbili za kazi meseji zinapobadilika muundo, toleo moja kila mwezi, na saa moja ya mashauriano kwa mwezi. TSh 1,800,000." Ililipwa baada ya siku tisa, wakakata kodi ya zuio na kunipa hati yake. Kazi ni ile ile niliyokuwa nikiifanya bure. Marekebisho yenyewe yanaenda kwa kila mtu, hata jirani yao asiyelipa, na wala hawakuuliza hilo. Walichonunua ni zile siku mbili.

Usiahidi zaidi ya unavyoweza. Siku mbili za kazi inatosha. Ukiandika "saa 24 kila siku" umejiuza mwenyewe, maana mtu mmoja hana zamu ya usiku.

*Ruzuku.* NLnet ya Uholanzi hutoa ruzuku ndogo, kwa kawaida kati ya euro 5,000 na 50,000 kwa ombi la kwanza, na fomu yake ni fupi kuliko maandiko mengi tuliyozoea. Ujerumani ilianzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022, nayo hulipia hasa matunzo ya miundombinu ya msimbo, jambo ambalo miaka kumi iliyopita ungechekwa ukiliomba. Kwetu, Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za watu na kuziweka kwenye ramani, iliyozaliwa Nairobi Januari 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi ilikua kwa fedha za wafadhili kama Humanity United na Omidyar Network. Na DHIS2, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, inatunzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo kwa mkusanyiko wa wafadhili wa afya wa kimataifa.

Ruzuku ina kasoro moja: hukatika kwa sababu zisizokuhusu. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha kisha kuifunga USAID, kazi nyingi za mifumo ya afya katika ukanda wetu zilikatika katikati ya mwezi, ubora wa msimbo usiulizwe. Kwa hiyo unapoandika andiko, weka mstari wa matunzo ya miezi 24 baada ya kipengele kukamilika, na uutetee. Mimi huweka asilimia 20 ya gharama ya kujenga kwa kila mwaka. Mfadhili akisema mstari huo hauruhusiwi, punguza kipengele kimoja badala ya kuufuta. Na akikataa kabisa, jiulize kama hicho kipengele unakitaka kiasi cha kukilea bure.

*Watu badala ya fedha.* Kampuni isiyoweza kulipa inaweza kumwachia mhandisi wake siku moja kwa wiki. Pokea, lakini taka jina la mtu na kipindi, siyo "tutasaidia inapowezekana".

Hatua ya 6: Barua ya kuomba

Fupi, kwa mtu mmoja, yenye namba. Hii ndiyo ninayotuma:

"Habari za kazi. Mfumo wenu wa mauzo unatumia maktaba yetu ya kusoma meseji za malipo (nimeona ripoti ya fundi wenu ya mwezi wa tatu, tuliirekebisha siku ile ile). Mwaka jana meseji zilibadilika muundo mara sita. Kuitunza kunagharimu TSh 11,560,000 kwa mwaka, na hadi sasa tuna wateja wawili wa matunzo. Naomba nafasi ya dakika 20 na anayesimamia mifumo, nimwonyeshe huduma ya miezi sita. Msimbo utabaki huru kwa namna yoyote mtakayoamua."

Mstari wa mwisho usiuondoe. Bila huo barua inasomeka kama vitisho.

Mwandikie fundi kwanza, kwa sababu ndiye anayejua maumivu, kisha mwombe akupeleke kwa mwenye bajeti. Ukienda moja kwa moja kwa mkurugenzi utaulizwa "hii ni programu gani?" na fundi ataona umemruka. Tuma kabla kampuni haijafunga bajeti ya mwaka. Kwa wengi wanaofuata mwaka wa serikali, hiyo ni kabla ya Julai.

Hatua ya 7: Matumizi, na wivu

Fedha ikiingia kwenye mradi wa kujitolea, mtu wa kwanza kulipwa huwatenga wengine bila kukusudia. Debian, mradi wa kujitolea unaotengeneza mfumo endeshi wa Linux, walilionja hili mwaka 2006. Kundi lililojiita Dunc-Tank lilichangisha fedha za kuwalipa wasimamizi wawili wa matoleo ili toleo la etch litoke Desemba. Baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi bure walichukia na kupunguza kasi, na etch ikatoka Aprili 2007.

Nilichojifunza ni kulipia kazi zisizogombaniwa: kutoa matoleo, kupanga ripoti za hitilafu, kuandika maelekezo, kukagua usalama. Hakuna anayemwonea wivu anayelipwa kujibu barua. Andika kazi na bei yake mahali pa wazi kabla ya kusema nani ataifanya. Yule kijana wa Mwanza sasa hulipwa kwa kila toleo analolitoa, bei iko kwenye ukurasa wa mradi, na wengine wawili wameomba zamu.

Hesabu zitangazwe kila robo mwaka, hata zikiwa za aibu. Kisha tenga akiba ya miezi sita ya bei ya pampu kabla ya kuanza chochote kipya. Kwangu hiyo ni kama TSh 5,780,000, na ilinichukua miaka miwili.

Hatua ya 8: Atakayeshika baada yako

Hapa fedha peke yake haitoshi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiendesha seva ukiwa mbali, kumechelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Alipochimba akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka, na alishasema wazi kwamba afya yake ya akili si nzuri. Watu wasiojulikana walimshinikiza aongeze msaidizi, na msaidizi aliyejitokeza kwa jina la Jia Tan alifanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kutia sumu kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mwaka 2018 maktaba ya msimbo iitwayo event-stream ilikabidhiwa mgeni kwa njia ya haraka zaidi: aliomba, akapewa, akaingiza msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali.

Kwa hiyo usimtafute mrithi ukiwa umechoka. Mtafute ukiwa na nguvu, na umpe madaraka kwa vipande. Aanze kupanga ripoti, kisha asome misimbo ya wengine, kisha atoe toleo wewe ukiwa unatazama, na ufunguo wa kuchapisha uje mwisho. Kutana naye, hata kwa video. Anayekuharakisha umpe funguo, mwambie asubiri, na tazama anavyosubiri.

Nawe jifunze kusema hapana. Nina jibu moja nililoliandika nikiwa nimetulia, nalinakili: "Wazo zuri, lakini hatuna mtu wa kulitunza. Akipatikana mtu, au fedha ya miaka miwili, tulifungue tena." Limeniokoa kuliko ruzuku yoyote.

Siku ikifika kwamba hakuna mteja, mrithi wala hamu, funga vizuri. Toa toleo la mwisho, andika juu kabisa kwamba mradi haupokei marekebisho na tarehe yake, taja mbadala kama upo, rudisha fedha zilizolipwa mbele, kisha ufunge hifadhi isomeke tu.

Sasa zile nywila. Andika kwenye karatasi akaunti zote za mradi: hifadhi ya msimbo, mahali pa kuchapishia matoleo, jina la tovuti na tarehe linapoisha, seva, mfuko. Ongeza kwenye karatasi hiyo namba za dharura za kuingilia. Karatasi ya kwanza anayo mtunzaji wa pili. Ya pili iko kwenye bahasha ya kaki nyumbani kwa dada yangu Tanga, ndani ya sanduku la vyeti. Hajui Python ni nini na wala hataki kujua, lakini nyuma ya bahasha nimeandika namba mbili za simu na maneno "wapigie hawa, kwa mpangilio huu". Kila Januari namtumia bahasha mpya kwa basi, naye anaichoma ya zamani na kunipigia kuniambia imeungua.